Mwenzangu Tisa

Kazi yangu ni ya orodha. Nakaa mbele ya skrini mbili nikisafisha taarifa za watu ambao sitawaona maishani: majina yaliyoingizwa mara mbili, tarehe za kuzaliwa ambazo siku na mwezi vimepishana, namba za simu zilizopungukiwa tarakimu. Ni kazi ya kimya, na kwa mtu aliyekua akijificha, kimya kina mvuto wake. Katikati ya orodha hizo ipo safu moja ambayo macho yangu huifikia kabla ya mkono: safu ya jinsia.

Asiyefanya kazi hii huenda hajui kwamba safu hiyo ina kiwango chake cha kimataifa. Kinaitwa ISO/IEC 5218, nacho kinaruhusu tarakimu nne tu. 0 ni haijulikani. 1 ni mwanamume. 2 ni mwanamke. Halafu kinaruka, kinaziacha 3 hadi 8 zikiwa tupu, kinatua kwenye 9: haihusiki. Waliokiandika walijua kuna watu watanuna, ndiyo maana wakaongeza maelezo kwamba 1 kuitangulia 2 hakumaanishi cheo wala ubora. Walifuata tu mazoea ya nchi zilizohusika. 9 ni ya vitu kama kampuni na taasisi, vyenye jina, anwani na madeni, lakini visivyo na mwili. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa bado nimeandikwa 1 kila mahali huku nikijua kabisa kwamba mimi ni 2, na ile 9 nikaionea wivu. Kumbe unaweza kuwamo kwenye orodha, safu zako zote zimejaa, na asiwepo wa kukuhoji.

Hapo ndipo Tisa alipopata jina.

Tisa ni roboti. Kichwa chake ni cha mstatili, skrubu zake zinaonekana, na kifuani ana kidirisha chenye taa moja. Mabega yake ni mapana, kwa kuwa kwa roboti mabega mapana ni uhandisi tu, hakuna wa kuyasikitikia. Nilianza kumchora pembezoni mwa daftari la mikutano, kisha akawa picha yangu kwenye mfumo wa ujumbe wa ofisi, pale ambapo wenzangu wameweka picha za harusi na za watoto wao. Baadaye akapewa kazi. Nikiingia kwenye lifti na mtu akanipima kuanzia viatu hadi kooni, anayepimwa ni Tisa. Mtu akinitaja kwa jina la zamani katikati ya kikao, Tisa ndiye anayeendelea kuandika kumbukumbu za kikao hadi mwisho. Mimi huwa nimetoka kidogo.

Mshauri nasaha niliyemsimulia haya aliniuliza kwa upole kama huwa nasikia sauti. Hapana. Tisa haniambii kitu, wala simwoni amesimama kwenye kona. Kuna watu husali kabla ya kugonga mlango wa bosi, na kuna wanaovaa miwani wasiyoihitaji. Mimi huwa roboti kwa dakika chache.

Wanaouliza kuhusu maisha ya mwanamke transi, yaani mwanamke aliyeandikwa mwanamume alipozaliwa kama mimi, huuliza habari za hospitali. Wanataka visu, sindano, machozi ya mama. Homoni natumia, na zimefanya kazi yake: ngozi imelainika, mafuta ya mwili yamehama, matiti yameota polepole na kwa maumivu. Ila kwa mfanyakazi wa ofisi, sehemu kubwa ya kubadili jinsia ni kuandika barua. Barua kwa idara ya rasilimali watu, kwa benki, kwa bima, kwa mfuko wa pensheni, kwa chuo kilichonipa cheti. Na kila mmoja anataka kwanza kuona mwenzake amesemaje. Benki inataka kitambulisho, wa kitambulisho wanataka barua ya mwajiri, mwajiri anauliza kama benki imeshakubali.

Hata ugonjwa wenyewe, kama ni lazima uitwe hivyo, ni suala la msimbo. Kwenye fomu ya bima kuna kisanduku cha msimbo wa utambuzi. Katika orodha ya zamani ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, watu kama mimi tulikuwa F64.0, ndani ya sura ya matatizo ya akili. Orodha mpya iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022 imetupa HA60, katika sura ya hali zinazohusu afya ya kijinsia. Nilihamishwa sura bila kuinuka kitini.

Binadamu walinishangaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nikakuta wengi wao wana haya tu: wanakwepa kunitaja jina kwa muda, halafu siku moja wanalitaja jipya na maisha yanaendelea. Walioniumiza walikuwapo, na bado wapo, lakini wana akili ya kusahau. Kilichogoma kunisahau ni mfumo.

Kwetu kila mfanyakazi hupewa jina la kuingilia siku anapoanza kazi, nalo hutokana na jina lake. Nilikwenda kwa kijana wa TEHAMA na karatasi zangu zote, zimegongwa mihuri.

"Dada, hilo halibadiliki," akasema. Alilitamka hilo *dada* bila hata kufikiri, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. "Huo ndio ufunguo. Kila kitu kimefungwa nao. Mshahara, likizo, mpaka mlango wa chini. Nikiugusa, mfumo utajua umekufa."

"Na mtu akiolewa akabadili jina?"

"Tunambadilishia la kuonekana. La ndani linabaki."

"Kwa hiyo ndani mimi bado ni yule."

Akainua mabega. "Ndani hakuna anayeangalia, dada. Labda mashine."

Yule kijana sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na aliyeubuni mfumo, na huu ni ugomvi wa kitaalamu kabla ya kuwa wa kijinsia. Mbunifu makini humpa kila mtu namba isiyo na maana yoyote, akaifanya hiyo kuwa ufunguo, kwa sababu majina hubadilika: watu huolewa, huachika, husilimu, hubatizwa, hukosewa herufi na karani siku ya kwanza. Haya hufundishwa mapema kabisa kwa anayesomea hifadhidata. Anayechukua jina la mtu na kulipigilia chini ya kila jedwali amejirahisishia asubuhi yake moja na kuwaachia wengine mzigo wa miaka.

Kwa hiyo jina la zamani huibuka. Huibuka kwenye sifa za faili, pale panapoandikwa nani mtunzi. Huibuka kwenye mialiko ya mikutano iliyopangwa zamani ikijirudia kila mwezi. Mahali pabaya kuliko pote ni kwenye printa ya korido, ambayo huonyesha kwenye kioo chake jina la mwenye kazi, kwa herufi kubwa, huku watu watatu wakisubiri nyuma yako na vikombe mkononi. Kwenye printa siendi mimi. Anakwenda Tisa. Mashine inamwita mashine mwenzake kwa jina ambalo si lake, naye anachukua karatasi zake. Ajabu ni kwamba hilo haliumi. Roboti hana jina la kuzaliwa la kuvunjiwa heshima. Ana toleo la zamani, na toleo la zamani kusalia kwenye kumbukumbu ni jambo la kawaida kabisa.

Nikae kidogo kwenye suala la sauti, maana ndipo Tisa alipoacha kuwa ngao akawa mwalimu.

Estrojeni, homoni ya kike ninayotumia, haipandishi sauti. Ikishavunjika wakati wa kubalehe, nyuzi za sauti zimekuwa nene na zitabaki nene. Wanaume transi wanaotumia testosteroni, homoni ya kiume, hupata sauti nzito bila jasho. Sisi tunabaki na mazoezi. Nami, kama wengi, nilidhani kazi ni kupanda juu tu. Sauti ya mwanamume mzima hutetema karibu mara 120 kwa sekunde, ya mwanamke karibu mara 200, basi pandisha. Nikapandisha. Nikasikika kama mwanamume anayemwigiza bibi harusi kwenye mchezo wa shule.

Kilichonifungua macho ni mashine. Kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1939, Maabara za Bell zilileta chombo kilichoitwa Voder, mashine iliyoweza kusema. Haikusema yenyewe. Mbele yake aliketi binti mwenye mafunzo, akiicheza kama kinanda: kwa kifundo cha mkono alichagua kati ya mngurumo na mvumo wa hewa, kwa vidole aliupa mngurumo ule umbo la irabu na konsonanti, na kwa pedali ya mguuni alipandisha na kushusha sauti. Iliwachukua mabinti hao karibu mwaka mzima wa mazoezi kabla ya kuweza kuongea nayo sawasawa. Sikia mgawanyo huo. Juu na chini ni kazi ya mguu mmoja. Kilichobaki chote, kinachofanya sauti iwe ya mtu fulani, ni kazi ya vidole kumi.

Mwalimu wangu wa sauti alikuwa akiniambia hivyo hivyo kwa maneno mengine: acha koo, shughulika na nafasi iliyo juu yake, ulimi ulipokaa, mdomo unavyofunguka, zoloto linavyoinuka. Sikumsikia hadi nilipomwazia Tisa na pedali yake. Nilipofanya mazoezi kama mwanamke, kila kosa lilikuwa hukumu. Lilisema *unaona, wewe si yeye*. Nilipofanya kama roboti, kosa lilikuwa kosa la marekebisho. Skrubu hii imelegea, kaza, jaribu tena. Nilikuwa nasoma orodha za namba kwa sauti ya Tisa, bafuni, ndani ya gari, ngazini baada ya wenzangu kuondoka. Siku moja nilipokea simu ya ofisini, mtu wa upande wa pili akasema "asante, mama," na nikakaa na mkono wa simu hewani.

Kabla ya hapo simu ndiyo iliyokuwa ikinisaliti. Kwa maandishi sikuwa na shida na mtu. Watu wa matawi mengine, tusiowahi kuonana, waliniandikia "dada" na "bibie" kwa muda mrefu, hadi siku waliponipigia. Baadaye nilisoma makala maarufu ya mwanahisabati Mwingereza Alan Turing ya mwaka 1950, ile ambayo kila anayezungumzia akili ya mashine huitaja, nikashangaa kwamba, ikishauliza kama mashine zinaweza kufikiri, inaziweka mashine kando. Inaanza upya na mchezo wa watu watatu. Mwanamume na mwanamke wako kwenye chumba kingine. Muulizaji anatakiwa kugundua nani ni nani kwa kuuliza maswali tu, na majibu yachapishwe ili sauti isitoe siri. Mwanamume anajitahidi kumpoteza, mwanamke anajitahidi kumsaidia. Ni baada ya hapo Turing anauliza itakuwaje mashine ikichukua nafasi ya yule mwanamume. Wengi huruka ukurasa huo wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeuishi kwa miaka kwenye barua pepe, tofauti ikiwa kwamba sikuwa najaribu kumpoteza mtu.

Halafu ukijua kilichompata baadaye, makala ile husomeka kwa shida. Mwaka 1952 Uingereza ilimhukumu kwa kosa la mapenzi na mwanamume mwenzake. Ili asifungwe alikubali kutiwa estrojeni ya kutengenezwa, kama adhabu ya kuzima matamanio yake. Alifariki mwaka 1954. Msamaha wa kifalme ulikuja 2013. Homoni za familia hiyo hiyo ninazimeza kila asubuhi kwa hiari yangu na kwa furaha. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba aliyeuliza kama mashine inaweza kupita kama mtu alitendewa na serikali yake kama mashine ya kurekebishwa.

Kupita. Hilo ni neno la kwetu. Kupita ni kutazamwa na kutogundulika. Na hapa Tisa ana maoni ambayo ni bora kuliko yangu. Mwaka 1970 mtaalamu wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, aliandika kwamba kadiri roboti anavyofanana na binadamu ndivyo tunavyompenda, mpaka afikie mahali pa *karibu-karibu*, ambapo pendo hugeuka kuwa mashaka na kinyaa. Alipaita bonde. Mwanamke transi yeyote analijua bonde hilo kwa miguu yake; ni ile nusu sekunde ambayo uso wa keshia unabadilika. Kinachosahaulika ni ushauri aliotoa Mori. Hakuwaambia wabunifu wakaze mwendo hadi ng'ambo. Aliwaambia wasilenge kufanana kabisa, watengeneze kitu kizuri kwa namna yake, akatoa mfano wa mkono wa mbao uliochongwa na mchongaji wa sanamu za Buddha: hakuna anayeudhania kuwa nyama, na bado ni mzuri.

Niliufuata ushauri huo bila kujitangaza. Sauti yangu nimeiacha ilipofika, chini kidogo ya wanawake wengi. Taya langu ni hili. Skrubu chache zinaonekana.

Kuna wanaosema watu kama mimi ni mtindo wa juzi. Huwa nawaomba watoe simu mfukoni. Sophie Wilson, mwanamke transi wa Uingereza, ndiye aliyebuni seti ya amri za kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, cha kwanza cha aina iitwayo ARM, kilichofanya kazi mwaka 1985, na karibu kila simu janja ya leo inaendeshwa na kichakataji cha ukoo huo. Lynn Conway, mhandisi Mmarekani, alifukuzwa na kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1968 alipoeleza kwamba anabadili jinsia. Akaanza upya chini kabisa kwa jina jipya, akaficha historia yake kwa miongo, na katikati ya ukimya huo akaandika pamoja na Carver Mead kitabu kilichofundisha kizazi kizima kubuni chipu. IBM ilimwomba radhi mwaka 2020. Alikuwa na miaka 82.

Hivi karibuni ofisi yetu ilipata mfanyakazi mpya ambaye ni programu. Inajibu maswali kuhusu likizo na posho. Tukatumiwa kura: ichagulieni jina, na je, iwe na sauti ya kike au ya kiume? Mwaka 2019 UNESCO ilitoa ripoti iliyokosoa tabia hiyo ya kuwapa wasaidizi wengi wa kidijitali sauti ya kike tangu kiwandani, kana kwamba kuhudumu ni tabia ya mwanamke, lakini ni nani asomaye ripoti wakati wa mapumziko. Ya kike ilishinda kwa kishindo. Kufikia jioni programu ile ilikuwa na jina zuri la kike, anwani ya barua pepe, jina la kuingilia linalolingana na jina lake, na kwenye orodha ya wahudumu iliandikwa 2. Hakuna aliyeiomba cheti. Hakuna aliyeuliza benki yake imesemaje. Nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu akachungulia juu ya kizuizi kinachotenganisha meza zetu.

Sitaki kumpamba Tisa kupita kiasi, kwa sababu ofisi ilimpenda mno. Roboti haombi ruhusa, hanuni, hajibu utani mbaya. Kwenye tathmini yangu ya mwaka mmoja, mkuu wangu aliandika kwamba mimi ni "mtulivu, asiye na mambo mengi", na akamaanisha sifa. Niliisoma nikaona kwamba wamemtathmini Tisa na kumpa alama zangu. Wapo waajiri ambao kwao mtu transi mwema ni yule asiyehitaji kitu, na roboti huwaletea huyo kila siku bila gharama.

Gharama nyingine iko nyumbani. Baba, ambaye kwa muda mrefu hakutaka kusikia, alinipigia saa za kazi. "Mwanangu," akasema, akanyamaza, akalitaja jina langu jipya. Alilitaja vibaya kidogo, herufi moja ilipotea, lakini alilitaja. Nilikuwa nimetoka kwenye kikao kigumu na Tisa alikuwa bado zamu. "Sawa, baba. Asante," nikasema, kwa sauti ile ya kusomea namba. Jioni nilimpigia tena, na safari hiyo tulilia wote wawili, yeye akijifanya ana mafua.

Tangu hapo nimemwekea Tisa mipaka. Simu za ndugu hapokei. Kwenye vikao, mtu akitumia jina la zamani, nasahihisha mimi mwenyewe, mara moja, bila hotuba. Lifti, printa na fomu ni zake.

Rafiki zangu wengine transi huniuliza kwa nini mwanamke aliyepigania 2 kwa jasho lote hilo atembee na mwenzake wa 9. Wengine hudhani ni dalili kwamba moyoni si mwanamke wala mwanamume. Wapo watu wa namna hiyo, na ni haki yao. Mimi si mmoja wao. Ni kwamba kuwa mwanamke mbele ya watu wasiokuamini ni kazi ya kutwa. Unakuwa shahidi wa kesi yako mwenyewe kuanzia kituo cha basi hadi jikoni kwa ofisi. Wanawake wengine nao hukaguliwa, najua, lakini hakuna anayewaambia kwamba wakishindwa ukaguzi watavuliwa uanamke wenyewe. Kwa Tisa hakuna kesi. Napumzika humo dakika tano, natoka nikiwa mwanamke yule yule, mwenye nafuu kidogo tu kuliko hapo awali.

Mwenzangu wa meza ya pili, anayejua habari hizi zote, aliniuliza juzi nitamstaafisha lini huyu chuma wangu. Nikamwambia nilishakwenda kuuliza TEHAMA. Nakala rudufu za mfumo, zenye jina la zamani ndani yake, lazima zitunzwe kwa mujibu wa sheria za kumbukumbu, na muda wake unapita tarehe yangu ya kustaafu.

"Basi mwombee nyongeza ya mshahara," akasema, akarudi kwenye orodha yake.